Uso wa nano kwenye kathodi: umeongeza idadi au umebadilisha ubora?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili katika kemia. Kila makala ninayofungua kuhusu kuzalisha haidrojeni kwa umeme inasifu kathodi (elektrodi hasi, inakotoka haidrojeni) yenye uso wa nano, yaani wenye maumbo ya ukubwa wa mabilioni ya mita: nyuzi, petali, sponji, karatasi za unene wa atomi chache. Karibu zote zinadai kuikaribia platinamu. Maumbo haya yanafanya nini hasa zaidi ya kuongeza eneo? Na kama ni mazuri hivyo, mbona mitambo mikubwa bado inatumia nikeli? Nauliza pia kwa sababu mimi mwenyewe nimeotesha nikeli-molibdenamu juu ya sponji ya nikeli, kwenye myeyusho wa alkali, na kwa miliampea 10 kwa sentimita ya mraba volti ya ziada (ile inayohitajika juu ya kiwango cha chini cha kinadharia) imetoka ndogo sana. Nishangilie?

JIBU: Marahaba. Matokeo yako yanaweza kuwa mazuri kweli, ila grafu uliyonayo haitoshi kusema hivyo, na sababu yake ndiyo jibu la swali lako la kwanza. Umbo la nano linaweza kufanya kazi mbili zisizofanana. Linaweza kuongeza idadi ya sehemu za uso ambako mmenyuko unatokea, na linaweza kubadilisha ubora wa kila sehemu. Ukipima mkondo na volteji peke yake, kazi hizo mbili hazitofautishiki. Makala nyingi za aina unayoitaja zimepima ya kwanza, kisha zikaandika hitimisho kana kwamba zimepima ya pili.

Kwanza tuone kwa nini watu wanahangaikia milivolti. Kupasua maji kwenye nyuzi joto 25 za Selsiasi kunadai angalau volti 1.23, lakini seli ya kiwandani huendeshwa kwa volti 1.8 hadi 2. Idadi ya elektroni haina punguzo: kila kilo ya haidrojeni inahitaji takribani ampea-saa 26,600, kathodi iwe ya dhahabu au ya bati. Unachoweza kupunguza ni volteji tu, na kila sehemu moja ya kumi ya volti unayookoa ni kilowati-saa 2.66 kwa kilo. Seli ikiwa kwenye volti 2, kilo moja inakula kama kilowati-saa 53. Ukiishusha hadi volti 1.8, inakula kama 48. Hapo bado hujahesabu pampu na vikausha gesi. Halafu si ziada yote iliyo juu ya 1.23 ni ya kathodi. Nyingine inaliwa na ukinzani wa elektroliti (myeyusho unaopitisha umeme) na utando unaotenganisha gesi, na fungu kubwa linaliwa na anodi, elektrodi chanya, ambako kutengeneza molekuli moja ya oksijeni kunahitaji kuhamisha elektroni nne. Wanaoshughulikia kathodi peke yake, nami nimo, tunapigania sehemu ndogo ya hasara yote.

Kwenye kathodi yenyewe mambo ni mafupi. Hatua ya kwanza inaitwa ya Volmer: protoni, au molekuli ya maji kama myeyusho ni wa alkali, inapokea elektroni na kuacha atomi ya haidrojeni imeshikamana na uso. Kutoka hapo kuna njia mbili. Ama atomi mbili jirani zinaungana na kuwa gesi, ndiyo hatua ya Tafel, ama atomi moja inakutana na protoni na elektroni nyingine, ndiyo hatua ya Heyrovský. Uso mzuri ni kama gati: chombo lazima kiweze kufunga, na lazima king'oe nanga upesi ili kingine kipate nafasi. Zebaki na risasi haziishiki haidrojeni vya kutosha. Tungsteni na molibdenamu tupu zinaishika kupita kiasi. Platinamu iko karibu na katikati.

Kanuni hiyo ya kushika kwa kiasi ni ya Mfaransa Paul Sabatier, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1912. Roger Parsons aliifanyia hesabu kwa upande wa haidrojeni mwaka 1958, na mwaka 1972 Sergio Trasatti akazipanga metali kwenye mchoro mmoja uliotoka kama mlima wenye kilele. Mwaka 2005 kundi la Jens Nørskov liliuchora upya mlima ule kwa nishati zilizokokotolewa na kompyuta. Ukilinganisha eneo kwa eneo, kasi ya asili ya mmenyuko juu ya zebaki na juu ya platinamu inatofautiana takribani mara bilioni moja. Iweke namba hiyo akilini. Hakuna ukwaruzaji wala uoteshaji wa petali utakaofidia pengo la namna hiyo kama kemia ya uso imebaki ile ile.

Sasa idadi. Chukua gramu moja ya platinamu katika umbo la mchemraba. Kila upande una milimita 3.6, na eneo lake lote halifiki sentimita moja ya mraba. Gramu ile ile ukiigawa kuwa chembe za duara zenye kipenyo cha nanomita 3, eneo linafika mita za mraba 93, zaidi ya mara milioni moja, na kama theluthi ya atomi zote zinakuwa usoni. Kwa metali ghali, faida hiyo peke yake inatosha kuhalalisha kazi yote ya nano. Platinamu haijawa bora zaidi kuliko ilivyokuwa. Umeacha tu kununua atomi ambazo hazitakutana na maji maisha yao yote.

Lakini eneo linalipa kwa logi, na hapa ndipo wanafunzi wengi hupitwa. Uhusiano wa mkondo na volti ya ziada unafuata mteremko wa Tafel, yaani milivolti ngapi zinahitajika ili mkondo uongezeke mara kumi. Kichocheo, yaani uso unaoharakisha mmenyuko, kinachokwama kwenye hatua ya Volmer kwa kawaida kina mteremko wa karibu milivolti 120. Kinachokwama kwenye hatua ya Tafel, kama platinamu safi ndani ya asidi, kina karibu 30. Sasa zidisha sehemu hai mara 1,000 bila kubadilisha ubora wake hata chembe. Cha kwanza kinaokoa milivolti 360, cha pili 90 tu. Maana yake ni kwamba kichocheo cha polepole ndicho kinachonufaika zaidi na eneo, kwa hiyo ni rahisi sana kuipamba nikeli ya kawaida kwa petali za nano mpaka ionekane inaikimbiza platinamu, hasa ukiilinganisha na bamba laini la platinamu. Ulinganisho wa namna hiyo ninapoukuta katika makala, huwa naishia hapo.

Sponji yako ya nikeli, kabla hujaiotesha kitu, tayari ina eneo la kweli mara kadhaa zaidi ya sentimita ya mraba uliyoandika kwenye daftari. Ukiongeza nyuzi za nano juu yake unafika mara mamia kwa urahisi. Miliampea zako 10 basi zimegawanywa juu ya uso mkubwa mno, kila sehemu inabeba mzigo mdogo, na volti ya ziada lazima itoke ndogo. Namba hiyo ya miliampea 10 yenyewe haikutoka kiwandani. Ilizoeleka kwa sababu inakaribia mkondo wa kifaa kinachopasua maji kwa mwanga wa jua kwa ufanisi wa takribani asilimia 10. Mitambo ya alkali hufanya kazi kwenye mamia ya miliampea kwa kila sentimita ya mraba, na ile ya utando wa protoni (yenye utando unaopitisha protoni badala ya myeyusho wa alkali) hufika ampea moja, mbili, au zaidi.

Mzigo ukiwa mkubwa hivyo, sehemu ya eneo ulilojivunia inaacha kufanya kazi. Ioni lazima zipenye ndani ya vitundu na gesi lazima itoke kupitia njia zile zile. Volteji inapungua kadiri unavyoingia ndani, kwa hiyo tabaka la nje linafanya kazi kupita kiasi huku la ndani likikaa bure. Hesabu za elektrodi zenye vitundu zinaonyesha kwamba hali hiyo inaweza kuufanya mteremko wa Tafel uwe mara mbili. Ukiona mteremko wako mzuri wa milivolti 40 unageuka 80 mkondo unapopanda, usikimbilie kusema njia ya mmenyuko imebadilika. Huenda ni vitundu tu.

Upande wa ubora, mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa salfaidi ya molibdenamu. Ni madini ya tabaka tabaka yanayotumika kama kilainishi, na kwa muda mrefu yalihesabiwa kuwa hayafai kabisa kwa kazi hii. Mwaka 2005 hesabu za kompyuta zilionyesha kwamba kingo za tabaka zake hushika haidrojeni kwa nguvu inayokaribia ile inayotakiwa, zikifanana kwa namna fulani na kiini cha kimeng'enya cha nitrojenasi. Mwaka 2007 Thomas Jaramillo, Ib Chorkendorff na wenzao wakaenda kuhakikisha kwa vitendo huko Denmark. Waliotesha visiwa vya nano vya salfaidi hiyo juu ya fuwele ya dhahabu, wakavipasha joto ili vikue, wakavipiga picha kwa hadubini inayoona mpangilio wa atomi, kisha wakapima mkondo. Visiwa vilipokua, eneo na urefu wa kingo havikuenda sambamba tena, na kasi ya mmenyuko ikafuata urefu wa kingo. Kati ya kisiwa ilikuwa haifanyi kitu.

Ona jaribio lile lilivyopangwa. Hawakuishia kusema kwamba kidogo ni bora kuliko kikubwa. Walitafuta vipimo viwili vinavyoweza kuachana, kisha wakauliza mkondo unafuata kipi. Tangu hapo kila anayeitengeneza salfaidi hiyo anahangaika kuongeza kingo, kutoboa matundu kwenye uso bapa, au kuondoa atomi za salfa ili sehemu iliyolala iamke.

Mfano wa pili unakuhusu zaidi kwa sababu ni wa alkali. Platinamu ndani ya alkali hufanya kazi polepole kuliko ndani ya asidi kwa takribani mara mia. Ndani ya asidi protoni zimejaa tele, lakini ndani ya alkali lazima molekuli ya maji ivunjwe kwanza, na platinamu haina ustadi mkubwa wa kuvunja maji. Mwaka 2011 watafiti wa maabara ya Argonne, Marekani, waliweka vishada vya haidroksidi ya nikeli vyenye ukubwa wa nanomita chache juu ya platinamu, na kasi ikapanda mara 8. Maelezo yao ni kwamba haidroksidi inavunja maji na platinamu iliyo jirani inaipokea haidrojeni. Hapo ukubwa wa nano una kazi isiyohusiana na eneo: ukikifanya kishada kiwe kikubwa, unafunika platinamu na kupunguza mpaka kati ya vitu hivyo viwili, na mmenyuko unatokea kwenye mpaka. Nikeli-molibdenamu huelezwa mara nyingi kwa mantiki ya aina hiyo, nikeli na oksidi ya molibdenamu zikigawana kazi, ingawa wataalamu hawajakubaliana nani anafanya nini.

Udogo nao una gharama. Atomi iliyo kwenye kona ya chembe ina majirani wachache, kwa hiyo hushika vitu kwa nguvu zaidi kuliko mwenzake wa uso bapa, na yenyewe hung'oka kwa urahisi zaidi. Chembe ndogo huyeyuka, kisha metali yake hujipachika kwenye chembe kubwa. Baada ya muda nanomita 3 zinakuwa 6, na eneo ulilonunua linakuwa limepungua kwa nusu.

Kuna jambo la tatu ambalo hukuliuliza, na kwa maoni yangu linadharauliwa mno: viputo. Kiputo cha gesi kinapokaa juu ya uso laini, kinaushika kwa mduara mpana, kinakua, na kila atomi iliyo chini yake inakosa maji. Uso wenye karatasi au nyuzi za nano zilizosimama wima unavutia maji na kuukatakata mduara ule, hivyo kiputo kinapata pa kushika padogo sana na kinaondoka kingali kidogo. Kwenye miliampea 10 huwezi kuona tofauti kubwa. Kwenye miliampea 500 na kuendelea, kuondoa viputo kunaweza kuwa na uzito kuliko kupanda hatua moja kwenye mlima wa Trasatti. Elektrodi kadhaa zinazosifiwa kwa kemia yake, mimi nadhani sifa kubwa ni ya umbo linalofukuza gesi.

Tuje kwenye nikeli ya viwandani. Kwanza, si zote ni tupu kama unavyodhani. Katika miaka ya 1920 Murray Raney, mhandisi wa Marekani, aliyeyusha nikeli pamoja na alumini, kisha akaiondoa alumini kwa magadi makali. Kilichobaki ni nikeli yenye vitundu vya nanomita chache, iliyokusudiwa kugandisha mafuta ya mimea. Nikeli ya aina hiyo imekuwa ikitumika kwenye kathodi za mitambo ya alkali kwa miongo mingi. Viwanda basi vilikuwa na uso wa nano kabla neno nano halijawa na soko.

Pili, mtambo unatarajiwa kukaa makumi ya maelfu ya saa ndani ya potasiamu haidroksidi ya asilimia 25 hadi 30, kwenye nyuzi joto 70 hadi 90. Petali nyingi za nano hazijawahi kuonja hali hiyo hata kwa wiki. Na adui mkubwa ni kuzimwa. Seli nyingi zikiwa zimepangwa mfululizo, umeme unapokatika kunakuwa na haidrojeni upande mmoja na oksijeni upande wa pili, seli zinageuka kwa muda kuwa betri, na mkondo unarudi kinyume kupitia elektroliti ya pamoja. Kathodi inapanda hadi volteji ya kuioksidisha, na nyuzi laini ndizo zinazoumia kwanza. Mtambo unaolishwa na jua au upepo utapitia hali hiyo mara nyingi kuliko ule ulio kwenye gridi thabiti.

Tatu, kwenye mitambo ya utando wa protoni, kathodi siyo tatizo kubwa. Platinamu ndani ya asidi ina kasi kiasi kwamba sehemu moja ya kumi ya miligramu kwa sentimita ya mraba inatosha kabisa. Kinachobana ni iridiamu ya anodi, metali ambayo dunia nzima huchimba chini ya tani 10 kwa mwaka. Fanya hesabu: miligramu 1 kwa sentimita ya mraba, ampea 2, volti 1.8, na mtambo wa gigawati 1 unameza karibu kilo 280 za iridiamu. Ukiweka miligramu 2, umepita nusu tani. Ndiyo maana nikiona juhudi kubwa ya kuiondoa platinamu kwenye kathodi ya asidi, huwa natamani nusu ya watu wale wangehamia anodi.

Kuhusu sampuli yako, la kwanza kabisa: elektrodi ya upande wa pili ilikuwa nini? Kama ilikuwa waya wa platinamu, matokeo hayo yaweke kando. Platinamu inayotumika kama anodi huyeyuka kidogo kidogo, inasafiri na kujipaka kwenye kathodi yako, na kiasi kisichoonekana kwa macho kinatosha kuipa sifa isiyostahili. Dalili yake ni kathodi inayozidi kuwa bora kila saa inayopita. Rudia kwa fimbo ya grafaiti au kwa nikeli, na uweke utando katikati.

Kisha uhakikishe kwamba mkondo unaopima ni wa haidrojeni. Oksidi za nikeli na molibdenamu zinapokea elektroni pia zinaporudi kuwa metali, na katika dakika za mwanzo mkondo huo unaweza kukudanganya. Kusanya gesi: miliampea 10 kwa saa moja zinapaswa kukupa karibu mililita 4.6 za haidrojeni kwenye nyuzi joto 25. Ni kidogo, kwa hiyo endesha kwa mkondo mkubwa zaidi au kwa saa nyingi.

Kutenganisha idadi na ubora, pima uwezo wa uso kuhifadhi chaji kwa kubadilisha kasi ya kupandisha volteji, ukadirie eneo hai, kisha uugawe mkondo kwa eneo hilo. Fanya vivyo hivyo kwa sponji tupu, na kwa nikeli yenye vitundu isiyo na molibdenamu. Kipimo hiki si sahihi sana kwa vitu vyenye oksidi, basi usikipe namba tatu baada ya nukta. Tofauti ya mara mbili isikufurahishe, ya mara kumi inastahili kuzungumzwa. Ukisahihisha ukinzani wa myeyusho, sema umesahihisha kwa asilimia ngapi. Kwa elektrodi ya sentimita moja ya mraba, ukinzani wa omu 1 kwenye miliampea 10 ni milivolti 10 tu, lakini kwenye ampea 1 ni volti nzima, na kosa dogo la usahihishaji hapo linaweza kuzaa kichocheo cha miujiza.

Mwisho, usiiendeshe kwa saa 100 mfululizo ukaita huo uimara. Iwashe na kuizima mara nyingi, ukiiacha ipande volteji yenyewe kila inapozimwa, na kila baada ya muda uchukue myeyusho ukapime molibdenamu iliyomo. Molibdenamu hutoka kwa urahisi ndani ya alkali. Ikiwa imetoka karibu yote na mkondo haujashuka, utakuwa umetengeneza nikeli ya Raney kwa njia ndefu zaidi, na hilo nalo unaweza kuliandika, mradi uliite kwa jina lake.